Fundi Chururu na Bafu la Mama Mkwe

Leo, tarehe thelathini na moja, Fundi Mkuu wa Pampu katika karakana yetu anastaafu, baada ya kulitumikia shirika kwa miaka thelathini na mitatu. Jina lake la kwenye kitambulisho analijua mhasibu, na huenda mkewe. Sisi wengine tunamwita Chururu, naye huitika bila kinyongo.

Jina hilo alilipata bafuni. Kila alipomaliza kufunga pampu ya shawa, alifungua koki, akayatazama maji yanavyoshuka, kisha akatoa hukumu. Yakimridhisha, alisema, "Chururu." Yasipomridhisha, alisema, "Ndondondo," na hapo hakuna aliyethubutu kukusanya spana. Wahenga walisema chururu si ndondondo. Karakana nzima ilijifunza tofauti hiyo kwa kurudia kazi.

Aliajiriwa akiwa kibarua wa kuchimba mitaro ya mabomba. Alichimba vizuri: mtaro wake ulinyooka, na udongo aliurundika upande mmoja, jambo ambalo wachimbaji wengi hawalioni kuwa na maana mpaka ufike wakati wa kufukia. Msimamizi wa siku hizo alimpa spana, baadaye akampa msumeno wa mabomba, baadaye akamwachia nyumba nzima. Pampu za shawa zilipoanza kuagizwa na wapangaji, yeye ndiye aliyeketi na karatasi ya maelekezo akaisoma mpaka mwisho. Wenzake walimcheka. Walidhani pampu ni kitu cha kuchomekwa katikati ya bomba lolote, kuungwa umeme, na kuachwa.

"Pampu haiumbi maji," alizoea kuwaambia. "Inasukuma yaliyopo. Ukiipa hewa, itasukuma hewa, kisha itaungua, kisha utaniita mimi."

Kwa faida ya wanaobaki, utaratibu wake unafaa kukumbushwa. Alianza kwa kupanda kwenye tangi. Hakukubali hata siku moja pampu ivute maji kutoka bomba la mtaa, kwa sababu huko ni kumnyonya jirani na kujiletea uchafu ulioko njiani. Pampu ilipaswa kunywa kutoka tangi la nyumba, tena tangi lenye maji ya kutosha kumwogesha mtu mpaka amalize. Bomba la baridi la pampu alilitoa tangini likiwa peke yake, bila kushirikiana na choo, sinki wala bustani. Tundu lake alilitoboa chini kidogo ya tundu linalolisha hita, ili siku maji yakipungua, ya moto yatangulie kukatika. Mtu akibaki na maji ya baridi atalalamika. Akibaki na ya moto ataungua. Bomba la moto nalo alilitoa kwenye hita mahali ambapo mapovu ya hewa hayafiki.

Kila upande wa pampu aliweka vali ya kufungia, ili atakayekuja kuitengeneza asilazimike kulimwaga tangi zima. Mabomba aliyasafisha kwa maji kabla hajaigusa pampu, na maji hayo aliyakinga kwenye ndoo akamwonyesha mwenye nyumba. Tumeona humo mchanga, vumbi la shaba na gundi iliyokauka. Siku moja, alipokuwa akisafisha tangi, aliibuka na kijiko cha chai ambacho mama wa nyumba hiyo alikuwa amemtuhumu wifi yake kuwa amekiiba. Wifi aliombwa radhi papo hapo, mbele ya mafundi, na chai iliyofuata ilikorogwa kwa kijiko hicho hicho.

Pampu yenyewe aliiweka mahali pakavu panapopitisha hewa, juu ya kipande cha mpira, bila kuikaza sakafuni. Kuna nyumba ya ghorofa ambamo fundi wa mtaani aliifunga kwa boliti kwenye sakafu ya mbao. Mpangaji wa chini alikuja ofisini kwetu kushtaki kwamba watu wa juu wanasaga nafaka kila alfajiri. Chururu alizing'oa boliti, akaweka mpira, akasema pampu ni kama mtoto mchanga: ukimbana sana atalia. Mwisho wa yote aliijaza maji na kuitoa hewa, ndipo alipomwita fundi umeme wetu, Cheche, ambaye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kugusa waya. Swichi ilikaa nje ya bafu. Juu ya hilo hapakuwa na mjadala.

Chururu na Cheche ni watani tangu siku ya kwanza. Cheche hudai kwamba bila umeme pampu ni jiwe la kukalia. Chururu hujibu kwamba bila maji umeme ni wa kukaushia nguo tu. Ubishi huo hauna mwisho, na leo hatutarajii waumalize.

Kwa fundi wa namna hiyo, yaliyotokea nyumbani kwake mwaka juzi yalitushangaza. Mwenyewe ameruhusu yaandikwe hapa, kwa sharti kwamba yaandikwe kwa usahihi.

Mama mkwe wake, ambaye maisha yake yote alikuwa mshonaji wa sare za shule, alipatwa na kiharusi. Alipona, akatembea, akasema, na ukali wake wote ukarudi. Mkono wa kulia tu ndio uliobaki dhaifu. Binti yake, yaani mke wa Chururu, alimchukua akae kwao, akampa chumba cha mwisho kilichopakana na bafu. Tatizo likawa kuoga. Mama hakuweza kuinua kata ya maji kwa mkono ule, na shawa ya bafu hilo ilitoa maji membamba yasiyoweza kuondoa hata sabuni ya usoni, kwa kuwa tangi la nyumba hiyo limekaa chini, juu kidogo tu ya paa la jiko. Ndiyo, wasomaji wamesikia sawasawa: fundi mkuu wa pampu hakuwa na pampu kwake. Mganga hajigangi.

Ikabidi binti amwogeshe mama. Mama alivumilia kwa muda, kisha akasema wazi.

"Mimi nilikuogesha wewe ulipokuwa huna meno. Wewe hutaniogesha mimi nikiwa na yangu. Nipatieni namna ya kuoga mwenyewe. Ikishindikana, nitakwenda kwa kaka yako. Kule kuna mwanamke wa kulipwa. Afadhali nione haya mbele ya mgeni kuliko mbele ya mwanangu."

Kaka huyo, shemeji yake Chururu, anakaa mji mwingine. Mke wa Chururu alijua kwamba mama akienda huko, kumwona itakuwa mara moja kwa mwaka. Alimwangalia mumewe, na mumewe akaenda kununua pampu.

Hapa ndipo fundi wetu alipokosea. Njia sahihi ya bomba jipya la baridi, kutoka tangini mpaka kwenye pampu, ilipita ndani ya chumba cha mama mkwe, ukutani, juu ya kitanda chake. Mama alikuwa humo karibu kutwa. Chururu, mtu wa adabu zake, hakuwahi kukanyaga kizingiti cha chumba hicho na hakuona namna ya kuanza. Ataingia na ngazi? Atapanda karibu na kitanda cha mama mkwe akiwa na ovaroli? Alizunguka nyumba, akatafakari, kisha akafanya jambo ambalo angelimfukuzia mtu kazi. Alikata bomba lililokuwa likipeleka maji chooni, akaweka tii, kiungo cha njia tatu, hapo nje ukumbini, na pampu ikapata baridi yake kutoka njia moja na choo.

Hata kujaribu hakujaribu mwenyewe. Alisimama mwisho wa ukumbi, mkewe akaingia bafuni.

"Yanatoka?" aliuliza Chururu.

"Yanatoka."

"Yanatokaje?"

"Kama maji, mume wangu. Njoo uone basi."

Hakwenda. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, taulo begani, akisubiri zamu. Chururu alikusanya spana. Hukumu ya chururu au ndondondo haikutolewa siku hiyo.

Mama aliingia, akaketi kwenye kigoda, akafungua maji kwa mkono wa kushoto, na kwa mara ya kwanza tangu augue akaoga peke yake. Alikuwa anaimba. Katikati ya wimbo, mtu mmoja wa nyumba hiyo alivuta maji chooni. Choo kilipojivutia maji ya baridi, pampu ikabaki na ya moto, na pampu hufanya kazi yake: iliyasukuma yaliyopo. Mama aliungua bega. Jeraha halikuwa kubwa, lakini kelele ilifika barabarani, na jioni hiyo alimpigia simu mwanawe aje kumchukua Jumamosi.

"Mkwe wangu ananichemsha kama kiazi," alisema kwenye simu, kwa sauti ambayo Chururu aliisikia akiwa jikoni. "Njoo kabla sijaiva."

Jumatatu Chururu alifika karakana akiwa kimya kuliko kawaida yake, na kawaida yake ni kimya. Wakati wa chai alisema, "Nimemuunguza mama mkwe."

"Kwa maneno au kwa maji?" aliuliza Cheche.

"Kwa maji."

Vikombe vilisimama. Msimamizi alimuuliza baridi ya pampu ameitoa wapi. Alijibu kwamba ameitoa kwenye tii ya choo. Hakuna aliyecheka mara moja, kwa kuwa hakuna aliyeamini.

"Wewe?" alisema Cheche. "Wewe uliyenipandisha mimi, fundi umeme, juu ya tangi la watu nikahakikishe tundu? Tii ya choo?"

"Njia nyingine inapita chumbani kwake."

"Sasa chumba kina simba?"

"Kina mama mkwe."

Cheche alifikiri, akakubali kwamba jibu hilo lina uzito. Hata hivyo Chururu aliomba likizo ya wiki hiyo, na jambo hilo pekee lilitosha kutuonyesha hali ilivyokuwa, kwa kuwa likizo zake nyingi zilizotangulia zilipotea bila kuombwa. Cheche alijitolea kwenda naye baada ya saa za kazi, kwa ajili ya nyaya, na, kama alivyosema, kwa ajili ya kumsukuma mlangoni.

Yaliyosemwa mlangoni tumeyapata kwa Cheche, na mama mwenyewe ameyathibitisha. Chururu alisimama nje ya kizingiti, ngazi begani, macho sakafuni, akasema amekuja kuomba radhi na kuomba ruhusa.

"Ruhusa ya nini?" aliuliza mama.

"Kupitisha bomba, mama. Humu ndani. Juu ya hapo unapolala."

"Na lile la juzi ulipitisha wapi?"

"Kule nje."

"Kwa nini?"

Chururu alihamishia ngazi bega la pili. Mama alimtazama kwa muda, kama alivyokuwa akiwatazama watoto wanaodai kwamba suruali imejichana yenyewe.

"Baba, hapo ulipo umesimama kama fundi au kama mkwe?"

"Mimi ni mkwe wako, mama."

"Mkwe akae sebuleni aletewe chai. Niitie fundi."

"Fundi ndiye huyu huyu, mama," alidakia Cheche. "Tatizo lake amevaa ukwe juu ya ovaroli."

"Basi auvue aingie. Adabu yako nimeiona, baba, nayo imeniunguza bega. Adabu ninayoitaka mimi ni maji yasiyobadilika."

Chururu aliingia. Mama alikataa kutoka. Alisogeza kiti kwenye kona, akaketi, akasimamia kazi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mshonaji wa miaka mingi ana jicho la mstari, na jicho hilo halikuwa limeugua. Bomba lilipofungwa ukutani alisema limepinda. Chururu alisema halijapinda. Walipima, na lilikuwa limepinda kwa upana wa uzi. Chururu alifungua vishikizo vyote akaanza upya, na Cheche anaapa kwamba hapo ndipo wawili hao walipoanza kupendana.

Safari hii kila kitu kilifanywa kama inavyopasa. Tangi lilimwagwa, tundu jipya likatobolewa chini ya lile la hita, bomba likaja moja kwa moja bila kugawana na mtu. Tii ya choo iling'olewa na njia ya choo ikarudishwa ilivyokuwa. Mabomba yalisafishwa ndooni, na ndoo akaletewa mama, naye akaikagua kwa makini. Joto la hita lilipunguzwa. Pampu ilijazwa maji, ikatolewa hewa, ikaketishwa juu ya mpira wake. Ijumaa jioni Chururu aliingia bafuni mwenyewe, akafungua koki, akasema neno lake kwa sauti ya kusikika. Lilikuwa lile la kwanza.

Lakini mama alikuwa ameshafunga mizigo, na mizigo ilibaki imefungwa.

Jumamosi shemeji alifika na gari. Alikuta sanduku mlangoni na dada yake ana macho mekundu. Mama alimwambia asubiri, anaingia kuoga. Kisha akamgeukia Chururu.

"Fungueni vyote," alisema. "Nyumba nzima. Kama ni kuungua, niungue leo mwanangu akiwapo, anione kwa macho yake."

Hilo lilikuwa jambo zito kuomba, na zito zaidi kutekeleza. Chururu alifungua sinki la jikoni. Cheche alikwenda bustanini akafungua mpira wa kumwagilia. Mke wa Chururu alisimama chooni, mkono kwenye kishikio, akashindwa.

"Siwezi," alisema. "Ni mama yangu."

"Vuta," alisema Chururu.

"Akiungua je?"

"Nimemtolea bomba lake peke yake. Vuta."

Alivuta. Choo kilivuma, kikajaa, akavuta tena. Sebuleni shemeji alikuwa amesimama bila kujua kwa nini watu wazima wanachezea maji. Pampu ilinguruma ukumbini kwa sauti ile ile, haikupanda wala haikushuka. Walisikiliza. Hakukuwa na kelele. Baada ya muda kitu kingine kilisikika, na mke wa Chururu ndiye aliyekitambua kabla ya wote. Mama alikuwa anaimba.

Alioga kwa muda mrefu mno. Shemeji alikunywa chai, akaimaliza, akanywa nyingine. Mama alipotoka alikuwa amevaa, amefunga kilemba kwa mkono mmoja, na uso wake unang'aa. Alimsalimia mwanawe, akamuuliza habari za barabarani, akapokea majibu yote. Kisha akasema, "Haya, usichelewe kurudi. Nisalimie wanao."

"Mama, si uliniita nikuchukue?"

"Nilikuita. Sasa nakuaga."

Karakana ilifaidika na kisa hiki kuliko inavyopenda kukiri. Tangu hapo hakuna pampu inayokabidhiwa kwa mwenye nyumba mpaka fundi mwenyewe aweke mkono chini ya shawa wakati koki nyingine zote za nyumba zimefunguliwa na choo kinavutwa. Utaratibu huo aliuandaa Chururu na ndio unaofundishwa kwa kila anayeajiriwa. Malalamiko ya watu kuunguzwa na shawa tulizozifunga sisi yamekwisha kabisa. Na fundi yeyote anayesitasita kuingia chumba kwa haya, awe mbele ya chumba cha mkurugenzi, cha bibi harusi au cha mgonjwa, huulizwa swali moja tu: fundi au mkwe? Swali hilo limeokoa mabomba mengi.

Tungeweza kutaja mengine. Aliwafundisha kazi mafundi saba ambao leo wanasimamia vikosi vyao. Alikataa mara mbili kupandishwa cheo cha ofisini, akisema kiti cha ofisini hakina vali. Hakuwahi kuacha nyumba ya mtu ikiwa na tope. Alichelewa kazini mara moja, siku aliyozaliwa mwanawe wa kwanza, na hata hiyo aliitolea maelezo.

Uongozi ulimwomba abaki kwa mkataba mfupi. Alishukuru, akakataa, kwa sababu ana kazi nyingine iliyokwisha kupangwa. Shemeji yake amekuwa akimwomba mama aende kukaa kwake japo majuma mawili, aonane na wajukuu wa upande huo. Mama amekubali, kwa sharti moja: Chururu atangulie. Ataondoka Jumatatu akiwa na ngazi, spana na pampu mpya ambayo shemeji mwenyewe ameinunua. Tumeambiwa kwamba njia ya bomba katika nyumba hiyo inapita chumbani mwa mke wa shemeji. Tunaamini hatakawia mlangoni.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote tunamshukuru mkewe kwa kutuazima mtu huyu kwa miaka yote hiyo, na tunamshukuru mama kwa kumkamilisha. Nawe, Fundi Chururu, nenda kwa heri. Afya yako iwe njema, nyumba yako iwe na nyimbo, na kila bafu utakaloliacha nyuma yako watu waoge humo mpaka watakapotaka wenyewe kutoka.